Rangi yangu ilivyoibwa na DTT

Jana saa tano asubuhi nilisimama mbele ya safu ya kuchujia nikiangalia rangi niliyotaka kuibandika kwenye protini ikipotea. Protini ilishatoka, iko kwenye tyubu, nyeupe kama maji. Rangi yenyewe, njano yenye kumetameta kijani, ndiyo kwanza inajikokota katikati ya jeli pamoja na chumvi. Kwenye safu hii vikubwa hutangulia. Vidogo huchelewa kwa sababu huingia kwenye vitundu vya jeli na kuzurura humo. Rangi ikija mwisho, basi haikushika protini. Na si rangi ya kununua dukani kwa Mangi.

Maleimidi, ndoano ya rangi hiyo ya kushikia protini, kwa kawaida haigomi. Ni pete ndogo ya kaboni nne na nitrojeni moja, yenye bondi maradufu ambayo salfa ya thioli (salfa iliyobeba hidrojeni) ikiikuta tu, inaidaka. Kwenye pH ya 6.5 hadi 7.5 huchagua thioli na kuziacha amini, yaani vikundi vya nitrojeni. Ukipandisha zaidi, amini za lisini, tofali mojawapo la protini, nazo zinadandia, na maji yanaanza kuifungua pete. Yangu ilikuwa 7.0, nilipima mara mbili kwa kiburi kabisa.

Mkenya wa meza ya pili akauliza bila hata kugeuka: "Dada, DTT uliitoa?"

Nikanyamaza. Akacheka.

Protini ilikuwa imelala friza miezi kadhaa, salfa zake zikashikana mbili mbili, nami nikaweka DTT milimola 1 ili ziachane. Ziliachana vizuri. Ila DTT yenyewe ina thioli, tena mbili kwa kila molekuli (ndiyo maana inanuka vile). Hesabu ya darasa la nne: protini mikromola 50 yenye sisteini moja (tofali la protini lenye thioli), rangi mikromola 500, thioli za DTT mikromola 2,000. Thioli arobaini za DTT kwa moja ya protini! Maleimidi haijui ipi ni thioli niipendayo mimi.

Wizi huu haupo kwangu tu. Dawa ya brentuximab vedotin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa limfoma ya Hodgkin, ni sumu iliyofungwa kwenye sisteini za kingamwili kwa maleimidi. Kifungo hicho kinaweza kurudi nyuma kikaachia, na kwenye damu kuna albumini, protini ya damu yenye thioli huru kwenye sisteini ya 34, inangoja. Sumu ikiachwa, albumini inaidaka. Suluhisho la wizi huo ni kuiacha pete ifunguke kwa maji baada ya kushika: ikishafunguka, hairudi tena. Yaani maji yaleyale yanayoharibu maleimidi kabla ya kazi ndiyo yanayoilinda baadaye. Hapo nilikaa nikitabasamu peke yangu.

Mchana nilirudia. DTT, nusu saa, kisha protini ikapita kwenye safu kwanza, ikapokelewa kwenye bafa (kimiminika cha kutuliza pH) iliyopulizwa nitrojeni na yenye EDTA ili salfa zisishikane upya, ndipo rangi. Ningeweza kutumia TCEP, ambayo nayo huachanisha salfa ila haina thioli, lakini nayo ikizidi huidonoa maleimidi, na nilikuwa nimeshapoteza imani na kila kitu chenye herufi kubwa tupu.

Jioni safu ilitoa mstari wa njano mbele kabisa, na mwingine hafifu nyuma. Chupa ya DTT nimeiandika MWIZI kwa kalamu nyekundu. Mjerumani wa jokofu la pamoja ameshaniuliza hiyo ni kemikali gani.