Sikio la Panya Barazani

Miaka 12 nilihesabu vimelea vya malaria hapa Bagamoyo, na sikuwahi kuona hata kimoja kikitembea. Damu kwenye slaidi, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, lenzi ya kukuza mara 100, halafu unahesabu mpaka chembe nyeupe zitimie 200. Vyote vimekufa, vina rangi ya zambarau, vimelala pale pale vilipokaukia.

Jioni moja ya Ramadhani, baada ya kufuturu, nilikuwa barazani na rafiki yangu wa chuo, yuko likizo kutoka masomoni Ujerumani. Umeme ukakatika. Akafungua laptopu, akamwita Mama.

"Mama, njoo uone kazi yetu."

Lilikuwa sikio la panya. Panya mwenyewe yu hai, kalazwa kwa dawa ya usingizi. Kila akivuta pumzi picha inaruka kidogo. Kwenye mshipa vivuli vya chembe nyekundu vinapita mbio. Pembeni, ndani ya ngozi, kijiuzi cha kijani kimepinda kama kipande cha ukucha. Kikatambaa.

Nikamwambia arudishe. Akarudisha mara nne.

Leza ya hadubini yao, alisema, ni ya infraredi, haionekani kwa macho, lakini inapenya nyama kuliko mwanga wa kawaida. Haiwaki mfululizo: inapiga mapigo mafupi mno, ya femtosekunde 100 hivi, ili fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, ziwahi mahali pamoja kwa mpigo na kuiwasha ile rangi ya kijani. Hilo hutokea pale tu lenzi inapoukusanya mwanga. Juu na chini ya hapo hakuna kinachong'aa. Kioo cha kuielekeza leza kinayumba mara 8,000 kwa sekunde, ndiyo maana wanapata picha 30 kila sekunde. (Hadubini yetu sisi skrubu yake ilishikwa na plasta ya kidonda.) Hesabu za hizo fotoni mbili mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alizifanya mwaka 1931, leza ikapatikana 1960, hadubini ya namna hii 1990.

Mama hakuwa na haja na fotoni.

"Rangi hiyo mmempaka?"

"Tumempa kimelea jeni ya yavuyavu, ndiyo inayomng'arisha, Mama."

"Yavuyavu huyu anayewasha?"

"Wa bahari nyingine, ila ni wao kwa wao."

Akasogea karibu. "Mbona anazunguka tu?"

"Mbu kamwacha kwenye ngozi. Anatafuta mshipa ili afike kwenye ini."

"Hajui njia huyu," Mama akasema. "Anapapasa."

Rafiki yangu akacheka, akaniambia kwamba tasnifu yake yote inahusu hilo. Kijiuzi kikagusa ukuta wa mshipa, kikasimama, kikajikunja. Betri ikaisha.

Tukakaa gizani.

"Aliingia?" Mama aliuliza.

"Aliingia."

Nikamsikia akivuta kanga, akijifunika miguu.