Boti sita, uzito mmoja

"Nunueni boti mpya sita, ugomvi utaisha." Ushauri huo niliusikia msimu mzima, na walioutoa si wao wa kulipa. Hapa Msasani nafundisha watoto kuendesha Optimist, kiboti cha tanga alichokichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947 ili kiundwe kwa plaiwudi mbili tu, mtoto wa mtu wa kawaida naye apate chake. Kwetu kilikuwa kimegeuka cha kuliza watoto. Anayepata namba 4 anashinda, anayepata namba 2 anaburura mkia, na wanagombania boti kabla upepo haujaamka.

Nikaamua kuzipima. Mizani ya bafuni haikufaa: boti inaifunika husomi kitu, na upepo ukipita mshale unacheza. Nikaazima ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikaifunga kwenye tawi la mkungu, watoto wakazunguka. Kanuni inataka boti tupu, bila mlingoti wala usukani, isipungue kilo 35. Namba 4 ilikuwa na 36. Namba 2, kilo 43! Mtoto aliyekuwa akiiendesha akanitazama: "Mwalimu, si nilikwambia ni nzito?" Kweli aliniambia, tena zaidi ya mara moja, nami nikamjibu aongeze bidii. Iliniuma.

Maji yalikuwa yamejificha kwenye sakafu ya namba 2, ndani ya povu gumu lililobanwa kati ya matabaka ya faiba. Nikatoboa matundu mawili kwa nyuma, nikaiegemeza juu ya magogo, nikaliachia jua la kaskazi. Yalitoka maji ya rangi ya chai, tone kwa tone, nikakinga kopo. Alfajiri kopo limefurika. Wiki tatu hivyo. Ikashuka hadi 38 na nusu, nikaziba kwa resini.

Zile nyepesi nikaziongezea chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, mpaka zote zikalingana na namba 2. Chubwi nimezifunga chini ya benchi na kupaka rangi juu ya fundo, ili akilegeza mtu ionekane. Gharama yote haikufika bei ya tanga moja jipya.

Matanga, msishone kwa turubai. Nilijaribu, likaota tumbo siku ya pili na kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, likashindwa kabisa. Sasa yote ni ya mshonaji mmoja, asubuhi tunapiga kura nani aanze na boti ipi, na kila mbio ikiisha watoto wanabadilishana boti. Mzazi mmoja alileta tanga la bei kutoka nje. Nikamwomba mwanawe alitumie mazoezini tu. Alinuna, lakini alikubali.

Jumamosi iliyopita mbio tano zilipata washindi wanne, na namba 2 ilitangulia mara mbili. Mizani bado naiazima kila mwanzo wa mwezi. Siku hizi watoto ndio wanaosoma namba, kwa sauti, mmoja akiandika.