Koti la Papa

Nilikuwa nafua nguo nje ya mlango, Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, ujumbe wa mdogo wangu ulipoingia. Maneno mawili tu: "Papa amefariki."

Kwetu Mumias, magharibi mwa Kenya, papa ni baba. Ndivyo tunavyomwita mzee wetu tangu tulipojua kusema. Na mwezi ule wa korona, kila simu kutoka nyumbani ilikuwa inatutia baridi kabla hata hatujaipokea. Nikapiga namba ya Mama kwa mikono yenye povu. Ikaita, ikaita, halafu akapokea mzee mwenyewe. "Mama yako yuko shambani. Kuna nini?" Nikakaa chini pale pale kwenye saruji, nikalia, naye akawa anauliza tu, "Mwanangu, kuna nini?" Ningemwambiaje kwamba nalia kwa sababu ameipokea simu?

Baadaye kidogo mdogo wangu akatuma picha. Aliyefariki alikuwa Papa Shirandula, yule mchekeshaji wa televisheni.

Basi ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa huyo, na ndiyo maana tangu siku ile wale watu wawili wameshikana kichwani mwangu na siwezi kuwatenganisha. Alikuwa na miaka 58. Korona ilimchukua Jumamosi hapa Nairobi, na Jumatatu tarehe 20 alikuwa ameshazikwa kwao Namisi, kaunti ya Busia, na watu waliovalia mavazi meupe kutoka utosini hadi miguuni. Nilitazama kwenye simu. Anayetujua sisi watu wa magharibi anajua siku mbili ni nini. Kwetu mtu analiliwa wiki nzima. Ngoma ya isukuti inapigwa, mbuzi na ng'ombe wanachinjwa, wazee wanasimama mmoja mmoja kumsema marehemu, mazuri na mabaya, mpaka kila mtu aridhike kwamba ameagwa. Mtu aliyeifanya nchi nzima icheke kwa miaka kumi na zaidi alistahili kelele zote hizo. Akaingizwa kaburini haraka, kila mtu amesimama mbali na mwenzake.

Usiku ule wa Jumatatu, kafyu ya saa tatu imeshatufungia ndani, nilinunua bando nikaingia YouTube. Nilitaka kusikia sauti yake tu. Nikatazama kipindi kimoja, kikaisha, kingine kikajileta chenyewe. Kufikia saa nane usiku bado nilikuwa macho.

Kwa ambaye hakukua na televisheni ya Citizen: Papa Shirandula kilianza mwaka 2007. Papa ni mlinzi, soja wa getini, lakini mke wake Wilbroda hajui. Wilbroda anaamini ameolewa na mtu wa ofisini. Kwa hiyo Papa anaondoka nyumbani amevaa suti, na akishafika kazini anaivua anavaa sare. Jioni anarudia yale yale kinyumenyume. Hicho ndicho kiini cha hadithi, na vituko vyote vya Otoyo, Njoro na Awinja vinauzunguka uongo huo mmoja. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu hasa, b inakuwa p na d inakuwa t, na hakuna aliyekizungumza kwa raha kama yeye. Hata tangazo lile la soda la "Brrr", alilocheza yeye, likazunguka nchi nyingi za Afrika, halikuhitaji maneno mengi. Mwili wake ulitosha.

Sasa niseme habari ya mzee wetu.

Alikuwa soja. Tulikaa Kayole, chumba kimoja na pazia katikati, naye alilinda geti la fleti huko Kilimani. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikiwa darasa la saba kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, akaja moja kwa moja kutoka kazini, amevaa shati la kijivu lenye beji ya kampuni begani, kofia mkononi, macho mekundu ya kukesha. Alikaa mstari wa mbele. Wavulana wa nyuma yangu wakaanza kupiga saluti kila nilipogeuka. Jioni, kabla hajaondoka, nilimwambia: Papa, ukija tena shuleni usivae zile nguo.

Alisema, "Sawa."

Hakuuliza kwa nini. Wiki iliyofuata alikuja na koti kutoka soko la mitumba la Gikomba, refu, la kahawia, kifungo kimoja hakifanani na vingine. Toka siku hiyo hakutoka mlangoni bila koti lile. Alilifunga mpaka kifungo cha juu kabisa, akainua kola ili beji isionekane, halafu akatia kofia ndani ya mfuko wa plastiki mweusi pamoja na tochi na chakula chake. Hata Februari, jua la saa tisa na nusu linachoma mabati, alipita ploti yetu na stendi ya matatu amefungwa koti hadi kooni. Nilimwambia asivae sare shuleni. Yeye aliifuta sare mtaa mzima.

Na sisi jioni tulimcheka Papa Shirandula. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Tulikuwa na televisheni ya Great Wall ya inchi kumi na nne, ukiipiga ubavuni picha inatulia. Papa anavua suti, tunacheka. Papa anakaribia kushikwa na Wilbroda, tunapiga kelele. Usiku mzee yuko kazini, na asubuhi lile koti liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitazama koti halafu akaitazama televisheni. Nasema kweli, miaka yote ile sikuwahi kuyaweka pamoja.

Nimeyaweka pamoja Julai ile, saa nane usiku, simu imechomekwa kwenye chaji na joto lake linaniunguza mkono. Nikaisimamisha video pale Papa anapobadilisha nguo. Nikatazama vidole vyake kwenye vifungo. Kuna namna fulani mtu mnene anavyobana pumzi akifunga kifungo cha tumboni, na Bukeko aliifanya bila kuionyesha, kama mtu asiyejua kuna kamera. Zamani nilikuwa namsubiri aseme neno nicheke. Sasa neno lenyewe linanipita, mimi niko kwenye pumzi. Alikufa kwa ugonjwa wa pumzi. Nikiisikia ikipanda kwenye maikrofoni, narudisha nyuma, nasikiliza tena.

Watu wengine wananiambia hawawezi kutazama vipindi vya mtu aliyekufa. Rafiki yangu mmoja hawezi kabisa, anasema ni kama kumpigia simu mtu aliyekufa halafu apokee. Namwelewa. Mimi nilipitia hayo kwa Mzee Ojwang. Alipofariki, Jumapili tarehe 12 Julai 2015, nilikaa muda mrefu bila kugusa Vitimbi, kipindi chake cha vichekesho. Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili cha Kijaluo miaka na miaka hadi watu wakaapa ni Mjaluo, na wakaapa vilevile kwamba Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, ni mke wake wa ndoa. Nilipoanza tena kuvitazama nilikuwa nikimtazama Mama Kayai zaidi. Yeye yuko hai. Anamfokea mume ambaye hayupo, na kwenye picha hajui. Hilo ndilo linalouma kwenye vipindi vya zamani kuliko yule aliyekufa mwenyewe: ni wenzake, wamesimama karibu naye, wanangojea zamu yao ya kusema, na hawana habari.

Wilbroda pia namtazama hivyo. Jacqueline Nyaminde, mikono kiunoni, anamhoji mumewe.

Lakini nacheka. Nataka hilo lieleweke. Awinja akifungua mdomo, nacheka peke yangu chumbani, hata kipindi ambacho nimekitazama mara kumi. Sioni kwamba namkosea marehemu. Watu wa zama zile za matanga marefu walijua kucheka na kulia ni kazi ya usiku mmoja, na kwa kuwa Bukeko hakupewa usiku wake, mimi nampa wangu. Kila Julai ikifika narudia.

Desemba ya mwaka ule ule nilienda nyumbani. Mzee alikuwa amestaafu, anafuga kuku, mgongo unamsumbua wakati wa baridi. Baada ya chakula, ugali na mrenda na samaki, nikakaa naye nje nikafungua simu. Nilikuwa nimejiandaa tangu Nairobi. Nilitaka kumwomba msamaha wa yale maneno ya darasa la saba, na nilidhani kipindi kitanipa njia ya kuanzia. Nikamwambia, Papa, huyu ni yule aliyefariki siku niliyopiga simu nikilia.

"Shirandula," akasema. "Namjua."

Nikamuuliza amemjuaje, maana saa zile yeye alikuwa getini kila jioni, na siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumapili. Akaniambia kwamba nyumba namba mbili, ile ya chini karibu na kibanda chake, walikuwa na televisheni kubwa na dirisha la sebule lilielekea getini. Kipindi kikianza, yule mama wa nyumba hiyo alifungua dirisha. Pazia halikufunguka, dirisha tu. Basi mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, rungu mapajani, akasikiliza. Alijua sauti zote. Alijua kicheko cha Otoyo, alijua Wilbroda anapopandisha, alijua Njoro. Alisikiliza kama redio, miaka yote hiyo.

"Lakini kulikuwa na mahali," akasema, "wale watu ndani walikuwa wanacheka na hakuna aliyesema kitu. Kimya, halafu wanacheka. Sikujua wanacheka nini."

Nikatafuta kipande nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka mbali kidogo na macho kwa sababu miwani ilikuwa ndani. Papa Shirandula alikuwa anavua suti. Mzee hakucheka. Alitazama hadi mwisho, uso umemulikwa na ile taa ya simu, midomo inacheza kidogo kama mtu anayehesabu.

"Anaharakisha," akasema. "Mtu anaanza na viatu."

Nikaanza kusema, Papa, unakumbuka siku ile ya mkutano wa wazazi. Akainua mkono, si kwa ukali, alivyokuwa akisimamisha magari getini.

"Irudishe kwanza," akasema. "Nataka kuona anavyofunga kola."