Kwa nini nang'ang'ania draiva iingie kwenye kerneli kuu

Karibu kila mteja mpya huniuliza swali lilelile kabla hatujatia saini mkataba: ikiwa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia chipu au kifaa fulani, imeshafanya kazi kwenye kifaa chake, kwa nini alipie muda zaidi ili ipelekwe kwenye kerneli kuu ya Linux, ambako itakaguliwa na watu wasiomjua, irudishwe mara kadhaa, na mwishowe ipatikane bure kwa kila mtu, wakiwamo washindani wake? Hapa Nairobi, ambako kampuni ndogo zinazounda mita za maji na vidhibiti vya umeme wa jua huhesabu kila shilingi, sioni ajabu kuulizwa hivyo. Jibu langu ni refu kuliko kikao kimoja, ndiyo maana naliandika.

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa: hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kutumia prosesa, na kupitia draiva huzungumza na kamera, diski, wifi na kila chipu iliyo kwenye bodi. Inaendeshwa kwa kanuni mbili ambazo mgeni huziona zinapingana. Ya kwanza ni kwamba programu iliyofanya kazi juu ya kerneli ya zamani lazima iendelee kufanya kazi juu ya kerneli mpya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hana mzaha katika hili, na badiliko linaloiharibia programu ya mtumiaji huondolewa hata kama aliyelileta ana hoja nzuri za kiufundi. Ya pili ni kwamba ndani ya kerneli yenyewe hakuna ahadi ya namna hiyo. Fanksheni ya ndani, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani, inaweza kubadilishwa jina, kuongezewa vigezo au kufutwa kabisa, mradi anayeibadilisha arekebishe kila mahali inapotumika ndani ya msimbo mkuu.

Mteja wangu anapaswa kulitazama sharti hilo la mwisho kwa makini. Draiva nyingi za vifaa vilivyojengewa ndani ya bodi huwa na fanksheni iitwayo remove, ambayo kerneli huiita wakati kifaa kinaondolewa. Kwa miaka mingi fanksheni hiyo ilitakiwa kurudisha namba: sifuri kama mambo yamekwenda salama, namba hasi kama kuna kosa. Lakini kerneli haikufanya lolote la maana na namba hiyo; kifaa kiliondolewa vilevile, na draiva iliyorudisha kosa na kukatiza kazi njiani, mwandishi wake akidhani ataitwa tena, iliacha kumbukumbu ikiwa imeshikiliwa bila wa kuiachia. Ikaamuliwa kwamba fanksheni hiyo isirudishe kitu. Draiva nyingi mno zilibadilishwa, hatua kwa hatua, katika matoleo mengi, na waliozibadilisha kwa sehemu kubwa hawakuwahi kuvishika vifaa vyenyewe. Mojawapo ilikuwa draiva niliyoiandika ya kudhibiti kasi ya feni. Niliikuta imeshatengenezwa, mistari michache tu, na kazi yangu ikawa kuisoma na kujibu kwamba imekaa sawa. Draiva iliyofungiwa kwenye kabrasha la kampuni haikuguswa na mtu, na siku mwenyewe alipotaka kuhamia kerneli mpya, haikukubali hata kujengwa.

Mabadiliko kama hayo hayana likizo. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi: wiki mbili za kupokea mambo mapya, kisha matoleo ya majaribio kila wiki hadi kasoro zipungue. Kila toleo hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Anayekaa nje ya kerneli kuu anaikimbilia gari iliyokwisha kuondoka stendi, naye ana mizigo.

Kuhusu washindani, hofu hiyo huwa kubwa kuliko inavyostahili. Kerneli iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka yeyote anayesambaza kerneli aliyoibadilisha awape pia anaowasambazia msimbo wa mabadiliko hayo. Siri ya biashara ya mita ya maji, kama ipo, imo kwenye hesabu za bili na katika mtandao wa mafundi wake. Haimo katika mistari mia mbili inayoiambia chipu ya saa ihesabu vipi.

Siku yangu ya kawaida, basi, ni ya kusoma zaidi kuliko kuandika. Asubuhi huanza na barua pepe, kwa sababu ndiko pachi, yaani mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa, hutumwa na kujadiliwa hadi leo, zikiwa maandishi matupu ambayo msimamizi wa sehemu husika huyajibu mstari kwa mstari. Vijana waliozoea vitufe vya tovuti huona utaratibu huu ni wa kizee, nami siwalaumu, maana kuna programu za barua zinazobadilisha nafasi za mwanzo wa mstari kimyakimya na kuiharibu pachi nzima. Hata hivyo nautetea. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua, wenzangu wa kazi za tovuti walikaa wakitazama kurasa zisizofunguka, huku pachi zangu za kilobaiti chache zikienda na kurudi bila shida.

Kazi inayokula siku ni kutafuta badiliko lililoharibu kitu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiihii ya kerneli, ina amri ya kugawa historia ya mabadiliko katikati: unajenga kerneli ya katikati, unaiwasha kwenye bodi, unatazama maandishi yanayokuja kwa waya wa siriali, unasema nzima au mbovu, nusu moja inatupwa. Mabadiliko 10,000 huisha kwa takriban hatua 14. Kwenye karatasi ni hesabu tamu. Mtaani kwetu South B, umeme ukikatika kwenye hatua ya kumi, utamu huo unakuwa wa kumsimulia mtu mwingine.

Yeyote anayetaka kuona tofauti ninayoisema aende Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Nairobi. Kompyuta ya mtumba iliyotoka Uingereza, yenye umri wa zaidi ya miaka kumi, hupokea Linux ya mwaka huu na kila kitu kikaitika: wifi, sauti, kipanya cha kugusa, kwa kuwa draiva zake zimo kwenye kerneli kuu na zimekuwa zikitunzwa muda wote. Kwenye meza ya pili fundi ana simu ya bei nafuu, yenye kioo kizima na betri nzima, ambayo imeacha kupokea masasisho ya usalama. Simu hiyo nayo inaendeshwa na kerneli ya Linux, lakini draiva za chipu yake zilibaki kwa mtengenezaji, naye ameshahamia chipu nyingine. Google imejaribu kupunguza tatizo hili kwa kutaka simu zinazotoka na Android 12 na kerneli 5.10 zitumie kerneli moja ya pamoja, draiva za watengenezaji zikiwa moduli za pembeni. Ni hatua njema, ila moduli za pembeni bado zinamtegemea aliyezitengeneza.

Sisemi kwamba kilichoingia ndani hakitoki. Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 kwenye prosesa ya 386, na prosesa hiyohiyo iliondolewa katika toleo la 3.8 la mwaka 2013. Lakini uondoaji hufanyika hadharani, na mwenye kifaa ana nafasi ya kujitokeza. Wanaotaka tubishane kuhusu Rust, lugha ya kuandikia programu iliyoingia katika toleo la 6.1 mwezi Desemba 2022, nawajibu kwa ufupi kwamba naipenda, na kwamba draiva ya Rust iliyoachwa nje itaoza kama ya C, lugha ambayo sehemu kubwa ya kerneli imeandikwa kwayo.

Kwa hiyo nawashauri wateja waanze mapema zaidi, kabla ya kuagiza chipu yoyote. Mwulize muuzaji jambo moja: draiva yenu imo katika toleo lipi la kerneli kuu? Akitaja namba ya toleo, pakua msimbo uhakikishe. Akikutumia faili la zip lenye kerneli nzima iliyofanyiwa marekebisho yake, ongeza gharama ya kuitunza kwenye bei ya chipu, kwa miaka yote ambayo mita itakaa ukutani, kisha linganisha tena na chipu ile uliyoiona ni ghali.