Nusu ya Mchezo Imo Kwenye Karatasi

Machi ya mwaka juzi, siku chache kabla mvua za masika hazijaanza, nilikwenda Gikomba kumtafutia mpwa wangu viatu vya shule, na kama ilivyo desturi yangu nikapitia kwanza kwenye meza za vichezeo vya mitumba. Chini ya rundo la wanasesere waliokwisha kunyonyoka nywele palikuwa na kifaa cha plastiki kilichokunjwa mfano wa laptopu, kikiwa na kalamu nene iliyofungwa kwa waya. "Dada, hiyo ni laptopu ya mtoto, lete mia tano tu," akaniambia muuzaji, nami nikaifungua ili nitafute kasoro za kupunguzia bei. Badala ya kioo nilikuta kitabu: kurasa chache za kadi ngumu, zenye picha za rangi kali, zikiwa zimeshikamana na kaseti iliyochomekwa katika nusu ya juu ya mashine. Nilitoa mia nne bila kubishana zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshika Sega Pico, mashine ambayo kwa miaka tisa ya kukusanya michezo ya zamani ya televisheni sikuwa nimewahi kuiona hapa Nairobi. Viatu nilivikumbuka nikiwa tayari ndani ya matatu.

Wengi wetu tuliolelewa katika mitaa ya jiji hili miaka ya 1990 tunaijua michezo hiyo kwa sura moja: kisanduku cha bei nafuu kilichoiga mashine za Nintendo, kaseti ya manjano iliyodai kubeba michezo maelfu, na mzazi aliyeamini kwamba kitu hicho huharibu televisheni na akili kwa pamoja. Pico iliundwa kumtuliza mzazi wa namna hiyo. Kampuni ya Sega iliitoa Japani mwezi Juni 1993, kisha Marekani na Ulaya mwaka 1994, na kwa Waamerika iliitangaza kuwa kompyuta inayojidhania kuwa kichezeo. Ndani yake mna prosesa ya Motorola 68000, ya aina ile ile iliyoendesha Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega, lakini kazi iliyopewa haikuwa vita wala mbio za magari, bali kuwafundisha watoto wadogo herufi, hesabu, rangi na muziki. Marekani haikufua dafu, na mwaka 1998 iliondolewa sokoni. Japani iliendelea kupendwa hadi mwaka 2005 ilipopata mrithi aliyeitwa Beena, na kufikia wakati huo zilikuwa zimeuzwa mashine takriban milioni 3.4 na kaseti takriban milioni 11.2.

Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonivuta kuliko historia yake. Kaseti za Pico, ambazo Sega iliziita Storyware, ni vitabu kwelikweli, na mtoto hucheza akiwa ameinamia kitabu huku televisheni iliyo mbele yake ikimwonyesha yanayotokea. Mashine ina vihisi vinavyotambua ni ukurasa gani uliofunuliwa, kwa hiyo mtoto akifunua ukurasa, picha ya televisheni nayo hubadilika papo hapo. Akigusa kwa kalamu mchoro uliochapishwa kwenye karatasi, mchoro huo hujibu kwa sauti au kwa tendo kwenye televisheni. Chini ya kitabu kuna ubao laini ambao kalamu hiyo hiyo huutumia kuchora na kusogeza vitu, pamoja na vitufe vichache vikubwa vinavyofaa vidole vya mtoto ambaye hajajua hata kushika penseli. Mchezo, basi, umegawanyika sehemu mbili: nusu moja imo ndani ya chipu, na nusu nyingine imechapishwa kwa wino.

Kwa sababu hiyo, nikisema kwamba mashine hii ni adimu, sina budi kueleza uadimu wenyewe ni wa aina gani. Kitu kilichouzwa kwa mamilioni hakiwezi kuitwa adimu duniani kwa sababu tu hakikufika Nairobi, na mtu anayeishi Japani bila shaka atanicheka. Kilicho adimu kokote kule ni kitabu kizima. Chipu iliyofungiwa ndani ya plastiki huvumilia miaka mingi ya mateso, lakini kurasa zilikabidhiwa watoto wa miaka mitatu na minne, nao walizitafuna, wakazimwagia maziwa na kuzing'oa. Kaseti iliyopoteza kurasa zake bado huwaka, bado huimba, na mchezaji hubaki akigusagusa plastiki tupu kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Kabla sijafika kwenye karatasi nilikuwa karibu kuiua mashine yenyewe, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Pico niliyoinunua ilitengenezewa soko la Marekani na haikuja na transfoma, nikamwomba mtoto wa shangazi yangu anayeishi huko aniletee iliyo sahihi alipokuja likizo. Alipoileta sikuweza kungoja hata kesho yake. Nilitafuta kile kiplagi cha kubadilisha meno ya soketi, nikachomeka ukutani, na baada ya sekunde chache transfoma ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Kiplagi hicho hubadilisha umbo la meno tu, hakibadilishi umeme. Stima ya kwetu ni volti 240 na transfoma ile ilitengenezewa volti 120. Bahati nzuri waya wa kinga uliokuwa ndani yake ulikatika mapema, na mashine haikudhurika. Jambo hili nililijua tangu nikiwa sekondari, na nadhani ndiyo maana liliniuma zaidi.

Nilimpelekea mashine mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza redio na televisheni karibu na barabara ya Luthuli tangu enzi za televisheni zenye milango ya mbao. Aliigeuza juu chini, akasoma maandishi yaliyochapwa kwenye tako lake, akanitafutia transfoma ya hapa nchini yenye volti zilizoandikwa pale, kisha akahakikisha kwa mita kwamba chanya na hasi zimekaa mahali pake kabla ya kuiwasha. Picha ilitokea kwenye televisheni yake ndogo ikiwa haina rangi. "Binti, mashine si mbovu," akasema, "ni lugha tu hawaelewani." Alikuwa na haki, kwani mashine za Marekani hutoa picha kwa mfumo wa NTSC ilhali televisheni za zamani za Kenya zilifuata mfumo wa PAL. Aliichomeka kwenye televisheni nyingine ya kisogo inayoelewa mifumo yote miwili, na rangi zikamiminika. Hatimaye aliniuzia televisheni hiyo pia, ingawa sikuwa nimekwenda kununua televisheni. Tangu matangazo ya analojia yazimwe mwaka 2015, televisheni za namna hiyo zimeponea kwenye matundu ya nyaya ambayo watu huyatumia kuunganisha ving'amuzi, na hayo ndiyo matundu ambayo Pico inayahitaji.

Kalamu ilikuwa ikifanya kazi pale tu unapoikunja waya wake kwa pembe fulani, dalili kwamba uzi mmoja wa shaba umekatika shingoni, mahali ambapo mikono midogo huuvuta kila siku. Mzee aliukata waya sentimita chache juu ya jeraha, akauchuna, akaulehemu upya, nao ukapona. Sasa ni mfupi kidogo kuliko ulivyotoka kiwandani, na nimeandika hivyo kwenye daftari ninamotunza kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, pamoja na tarehe, ili mtu atakayeirithi asidhani kwamba Sega ndiyo iliyopunja.

Sasa nirudi kwenye kitabu, ambacho kimekula muda wangu mwingi kuliko mambo hayo yote. Kitabu kilichokuja na mashine kinafundisha muziki. Ukurasa wake wa tatu ulikuwa umepasuka kutoka ukingoni hadi karibu na uti, na mtu fulani aliwahi kuushikanisha kwa gundi ya utepe, ambayo baadaye iligeuka rangi ya chai na kuacha utando unaonata. Mimi nilikuwa tayari kubandika utepe mpya juu ya ule wa zamani. Mama yangu alinizuia. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya kujalidi vitabu kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo akishika kitabu chochote hutazama kwanza mgongo wake kabla ya jina. "Mwanangu, utepe hula karatasi," akaniambia. "Hiyo rangi unayoiona ni meno yake."

Alinifundisha kuuondoa utepe kwa joto la kikausha nywele kilichowekwa mbali, akiuinua kwa ncha ya kisu butu milimita baada ya milimita, kazi iliyotuchukua mchana mzima wa Jumapili. Kisha akapika uji mwepesi wa wanga wa ngano, akauchuja kwa kitambaa, akaupoza. Gundi hiyo ina sifa moja ambayo gundi za dukani hazina: inaweza kulainishwa tena kwa maji na kuondolewa pasipo kuudhuru ukurasa, endapo siku moja atatokea mtu mwenye ujuzi mkubwa kuliko wetu. Kabla ya kukata kiraka alikunja kipande cha karatasi huku na huku akitafuta nyuzi zake zinaelekea wapi, kwa maana kiraka kikibandikwa nyuzi zake zikipingana na za ukurasa, vitavutana vinapokauka na ukurasa utajikunja. Nami nilikuwa na hofu yangu nyingine: kiraka kinene kingeweza kuuzuia ukurasa kulala sawasawa, na vihisi vikachanganyikiwa. Tulichagua karatasi nyembamba kuliko aliyoipendelea Mama, baada ya mabishano ambayo sitayaeleza.

Kuna jambo moja tuliloamua kuliacha. Kwenye ukurasa wa pili, mtoto mmoja huko Marekani alichora duara tatu na mstari kwa kalamu ya wino halisi. Ninamwelewa kabisa: alipewa kalamu isiyoandika, akaambiwa achore kwenye kitabu, naye akaenda kutafuta kalamu inayoandika. Mkusanyaji mwingine angeufuta wino huo kwa spiriti ili kitabu kionekane kipya, na najua kwamba kikiwa kipya kingekuwa na bei bora. Kwangu mimi alama zile ni ushahidi wa namna mashine hii ilivyotumiwa na kueleweka, na spiriti ingeondoa wino wa kiwandani pamoja na wa mtoto.

Hali ya hewa ya Nairobi si rafiki wa karatasi kama watu wanavyodhani. Hatuna joto la Mombasa wala chumvi yake, lakini tuna masika, na baadaye Juni na Julai ambapo jua huweza kukosekana wiki nzima na kabati likaanza kunuka ukungu. Ninavihifadhi vitabu ndani ya sanduku la bati, lile lile la kwenda bweni ambalo mafundi wa jua kali huwauzia wanafunzi wa kidato cha kwanza, nikiwa nimelitandika kitambaa cha pamba na kuliinua juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Bati likipoa usiku hukusanya unyevu, kwa hiyo ninaweka vifuko vya silika ninavyovidoea kwenye maduka ya viatu, na kila baada ya miezi miwili ninalifungua mchana wa jua. Mama hutaka pia majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Nimekubali, mradi yawe makavu na yafungwe kwenye kitambaa, kwa kuwa jani likigusa kadi huacha doa. Mashine yenyewe inakaa nje ya sanduku, mbali na dirisha, kwani jua ndilo linaloigeuza plastiki kuwa manjano. Wapo wanaoirejeshea weupe kwa dawa ya nywele yenye haidrojeni peroksaidi. Mimi sijashawishika kwamba weupe huo unastahili kuhatarisha plastiki yenye miaka thelathini.

Nikieleza haya yote, marafiki huniuliza kwa nini nisicheze kwenye kompyuta na kuachana na uji wa ngano. Ni kweli kwamba zipo programu zinazoiga mashine za kale, MAME ikiwa mojawapo, na kwamba data za kaseti za Pico zinaweza kusomwa na kuendeshwa humo. Lakini programu hiyo, ikiwa haina picha za kurasa, inakupa ile nusu ya chipu peke yake: sauti inakwambia uguse kitu ambacho hukioni. Kwa hiyo nimeanza kupiga picha za kila ukurasa. Nilijaribu kwanza mashine ya skana ya saiba mtaani kwetu, ila kaseti nene iliyoshikamana na kitabu haikuruhusu kurasa zilale kwenye kioo, na sikuwa tayari kumwacha kijana wa pale azikandamize. Sasa ninapiga picha nyumbani, saa nne asubuhi, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni, ukurasa ukiwa chini ya kipande cha kioo cha fremu, na rula pembeni ili vipimo visipotee. Kipimo ni muhimu, kwa maana mashine inajua mahali pa kila mchoro kwa vipimo, na picha iliyokatwa vibaya huifanya kalamu iguse pengo.

Vitabu vimefika vitano sasa, vinne vikiwa vimeletwa na yule mtoto wa shangazi, ambaye ananidai shukrani na kilo mbili za mzigo. Kimoja ni kile cha The Lion King, na mpwa wangu aliposikia televisheni ikiwataja Simba na Rafiki aligeuka akaniuliza mashine imejifunza wapi Kiswahili.

Ukurasa wa tatu wa kile kitabu cha muziki umelazwa kati ya karatasi mbili za nta, chini ya matofali mawili yaliyofungwa kwa kanga kuukuu ya Mama. Tuliubandika upya Jumatatu baada ya kiraka cha kwanza kuinuka pembeni, na Mama amenikataza kuyagusa matofali hadi Jumamosi. Viatu vya mpwa wangu vya mwaka ule havimtoshi tena, lakini mkono wake umefikia kalamu, na ameshauliza mara mbili leo ni siku gani.