Nyuma ya keshia

Wiki hii sijaandika programu yoyote. Nilikaa nyuma ya keshia wa SACCOS moja inayotaka mfumo mpya, nikawa naandika kila swali linalofika dirishani. "Dada, nina shilingi ngapi?" "Makato ya mwezi uliopita yameingia?" "Mwanangu, naweza kukopa tena?" Baadaye nikaacha kuandika, nikawa napiga vijistari tu, maana maswali ni yale yale.

Mchoro wa kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo) niliokabidhiwa unapendeza: kila kitu kwenye jedwali lake, hakuna kinachojirudia. Edgar Codd, aliyeutangaza mfumo wa majedwali mwaka 1970 akiwa IBM, angeufurahia. Ila ili kujua salio, inabidi kujumlisha miamala yote ya mwanachama tangu ajiunge. Yaani mama aliyeweka akiba miaka nenda rudi asubiri kuliko kijana aliyejiunga juzi. Haki iko wapi?

Kwa hiyo miamala itabaki kwenye jedwali lake, bila kufutwa wala kuhaririwa, na salio litaandikwa pia kwenye rekodi ya akaunti. Vyote vinaandikwa kwa mpigo mmoja. Kimoja kikigoma, kingine nacho hakiingii. Taarifa fupi, yaani orodha ya miamala ya karibuni, nimeipa faharasa (orodha ya kutafutia haraka) ya namba ya mwanachama na tarehe, muamala mpya ukitangulia. Mhasibu amenuna: pesa iliyoandikwa mahali pawili inaweza kupishana. Ana hoja, ndiyo maana kila usiku mfumo utalinganisha.

Kijana mmoja kikaoni alitaka tutumie Cassandra, kanzidata iliyozaliwa Facebook, ambako jedwali huundwa kwa kufuata swali litakaloulizwa. Wazo nalipenda, mtambo wenyewe hapana. Hata Amazon, kabla ya kujenga Dynamo, hifadhi yao ya taarifa, walichunguza kwanza kanzidata walizokuwa nazo na kukuta karibu asilimia 70 ya maombi yanachukua rekodi moja tu kwa ufunguo wake, yaani kitambulisho chake. SACCOS ya wilaya inatoshwa na PostgreSQL, kanzidata ya majedwali ya kawaida.

Ripoti ya wadaiwa sugu, ambayo meneja huisoma mwisho wa mwezi, sijaigusa. Iendeshwe usiku, ichukue muda wake.

Linalonisumbua ni udhamini. Mchoro unajua wadhamini wa kila mkopo, lakini ukitaka kujua mtu fulani kawadhamini akina nani, unapekua mikopo yote. Na keshia anasema hilo ndilo wanalouliza zaidi kwenye tawi la wakulima. Jumatatu naenda huko na daftari langu.