Si Mwepesi wa Hasira

Somo la juma hili: Kutoka 34:5-7, Luka 13:1-9

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe nanyi.

Mwishoni mwa mwezi Mei nilikuwa Newala, nikimsaidia mjomba wangu palizi ya mikorosho. Upo mti mmoja upande wa bondeni ambao kwa msimu wa tatu mfululizo haujatoa korosho za kujaza hata kikapu, na mimi, nikiwa nimechoka na jua limeshapanda, nikamwambia, "Mjomba, huu tuuangushe, angalau tupate kuni." Hakunijibu. Alishika tawi la chini, akalichubua ganda kwa ncha ya panga, sehemu ndogo isiyozidi ukucha, akanionyesha. Ndani palikuwa na ubichi wa kijani, na majimaji yakachuruzika kidogo. "Una maji bado," akasema, kisha akachukua jembe na kuendelea kupalilia kuuzunguka shina, kwa utaratibu uleule aliotumia kwenye miti inayozaa.

Nimelikumbuka tukio hilo wakati nikiandaa somo hili, kwa kuwa somo lenyewe linahusu jambo ambalo Mungu mwenyewe alichagua kulisema alipotaka kujulikana. Tukumbuke mahali linapotokea. Waisraeli wametoka tu kuiabudu ndama ya dhahabu, Musa amezivunja mbao za mawe chini ya mlima, na sasa amepanda tena Sinai akiwa na mbao mbili mpya alizozichonga kwa mikono yake. Kabla ya hapo alikuwa ameomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Mungu aliyekwisha kuipasua bahari angeweza kumjibu kwa kumwonyesha nguvu tena, na Musa asingelalamika. Badala yake alipita mbele yake na kulitangaza jina lake: Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Aliyeomba kuona utukufu alipewa kusikia tabia, tena akiwa amesimama juu ya mlima ambao chini yake majivu ya ndama hayajakaa muda mrefu.

Maneno "si mwepesi wa hasira" katika Kiebrania yamesemwa kwa namna inayoweza kumshangaza msomaji wetu, kwa sababu neno kwa neno yanasema "mrefu wa pua". Waebrania waliitaja hasira kwa pua, yaani pumzi inayopata moto na kutoka kwa kishindo. Mwenye pua ndefu ni yule ambaye pumzi yake huchukua muda mrefu kabla ya kuchemka. Sisi wa pwani tuna mfano wa kinyume chake, kwani tunasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi: samaki yule, akikasirika, huruka kutoka majini na kuangukia ndani ya chombo cha mtu aliyekuwa akimtafuta. Hasira za namna hiyo humtawala mwenye nazo. Mungu hatawaliwi na hasira yake. Huja kwa wakati anaoupanga yeye na kwa kusudi analolijua.

Na neno "huruma" katika tangazo hilohilo lina undugu, katika lugha ya Kiebrania, na neno la tumbo la uzazi la mama. Mzizi huohuo upo katika Kiarabu, na kwa njia hiyo ukatufikia sisi katika neno "rehema", na hata katika neno "marehemu", ambalo tunalitamka kila wiki misibani bila kufikiri kwamba tunamwita aliyelala "mtu aliyerehemiwa".

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu wengi wetu, hata tuliozaliwa kanisani, tunaishi kana kwamba Mungu ni mwepesi wa hasira. Mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua zilipoikata barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam, nilisikia waumini wakisema kwa hakika kabisa kwamba Mungu ametukasirikia, na baadhi wakawataja wenye kosa. Shamba la mtu likipigwa na ubwiri unga huku la jirani yake likisalimika, maneno ni hayohayo. Mama akifiwa na mtoto, wapo wanaokwenda matangani wakiwa na swali mdomoni kuhusu alichokifanya. Bwana Yesu alikutana na fikra hizo. Alipokumbushwa juu ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, na akajibu kuwa sivyo, kisha akawaita wote waliokuwa wakimsikiliza watubu. Ninawasihi wapendwa, tukienda kwa waliofikwa na msiba tusiubebe mnara wa Siloamu mabegani.

Hata hivyo lile tangazo la Sinai halikuishia kwenye huruma, na si haki kulisoma nusu. Linaendelea kusema kwamba Mungu hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe. Habari ya Ninawi inatusaidia kuzishika pande zote mbili. Nabii Yona alichukizwa na toba ya mji ule, na katika sura ya nne alimlalamikia Mungu akitumia maneno yaleyale ya Sinai, kwamba alijua tangu mwanzo kuwa yeye si mwepesi wa hasira, ndiyo maana alikimbia. Baadaye nabii Nahumu anatamka juu ya mji uleule kuwa Bwana si mwepesi wa hasira, kisha anatangaza hukumu yake, na Ninawi ilianguka mwaka 612 kabla ya Kristo. Uvumilivu ule haukuwa kusahau.

Lakini ipo sehemu ambayo mimi mwenyewe huisoma kwa uzito, na sitaki kuipita haraka. Uvumilivu wa Mungu kwa mwenye dhambi una gharama kwa yule anayeonewa na mwenye dhambi huyo. Sisi wa kusini tunalijua hilo katika ardhi yetu. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishuka hadi Kilwa, Lindi na Mikindani ikiwa na watu waliofungwa minyororo, na jambo hilo liliendelea miaka mingi kabla soko la watumwa la Zanzibar halijafungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja kupitia Lindi akiwa na watu waliokombolewa, wakaweka makao Masasi, na kanisa la pale lina mizizi yake katika watu hao. Tunashukuru kwa ajili yao. Lakini wale walioanguka njiani kabla ya mwaka huo, ambao hakuna aliyewaandika majina, nao walikuwa na Mungu wa kumlilia. Maandiko hayawanyamazishi. Katika kitabu cha Ufunuo roho za waliouawa zinapaza sauti chini ya madhabahu, "Hata lini?", na hakuna anayezikemea kwa kukosa imani, zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zistarehe bado muda mchache. Anayeuliza hata lini anauliza kwa sababu ameamini lile neno la Sinai mpaka mwisho wake.

Mtume Paulo anasema katika Warumi sura ya tatu kwamba Mungu alimweka Kristo awe upatanisho ili aionyeshe haki yake, kwa sababu aliziachilia kwa ustahimili wake dhambi zilizotangulia kufanywa. Msalabani tunaona kwamba Mungu alipokuwa akivumilia hakuwa akidharau damu ya mtu yeyote, kwani hesabu ile aliichukua mwenyewe. Nasema mwenyewe kwa makusudi. Nimesikia mara nyingi ikifundishwa, hata kwa nia njema, kana kwamba Baba ni mkali na Mwana ni mpole aliyesimama katikati kumtuliza. Mababa waliokutana Nikea mwaka 325 walikiri kwamba Mwana ana uungu mmoja na Baba, na kwa hiyo upole tunaouona kwa Yesu akiwa na Petro baada ya kukanwa mara tatu, au akimwita Yuda rafiki usiku ule bustanini, ni tabia ya Mungu yenyewe. Aliyeniona mimi amemwona Baba, alisema Bwana.

Mara tu baada ya habari ya mnara, Luka anatupa mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda na hajapata, akaagiza ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na ombi lake linataja kazi atakayoifanya katika mwaka huo: ataupalilia na kuutilia samadi. Anakubali pia kwamba usipozaa utakatwa. Bwana hakutuambia kama mti ule ulizaa, na sisi tuliomo ndani ya mwaka huo wa nyongeza bado tunasikia jembe likichimba kwenye mizizi yetu, wakati mwingine kwa namna inayouma.

Siku ile, mjomba alipomaliza kuuzungukia ule mkorosho, udongo wa chini yake ulikuwa mweusi na safi, majani makavu yamekusanywa mbali na shina. Aliuegemea kidogo akifuta jasho, akaninyooshea jembe lake, na kuniambia nianze mstari unaofuata.